Sarafu Zilizooshwa kwa Ukwaju

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeiandika nikatega sikio, kama ambaye angesikia marahaba. Naogopa hata kukuandikia, na hilo halitakushangaza. Ulikuwa ukisema mimi ni mtu wa kubisha hodi kwenye chumba changu mwenyewe.

Nakuandikia nikiwa dukani, hapa Mishomoroni, juu ya kaunta yako. Tunafungua mwisho wa wiki tu, kwa sababu siku nyingine niko kazini Changamwe. Kule mimi ni karani yule yule uliyemjua: nasoma nambari ya kontena, naisoma tena, kisha natoka nje kwenda kuhakikisha kwamba kontena lenyewe lipo. Madereva wa malori wanaotoka bandarini Kipevu wamenipa jina, wananiita Dada Hakika. "Dada Hakika, tutafika lini nawe ungali wasoma?" Ungewacheka sana. Ungewapa na soda.

Nina habari nzuri na habari mbaya. Acha nianze na mbaya, maana nikiichelewesha sitaisema.

Shangazi Mwanakombo ameziosha sarafu zako.

Subiri, Baba. Usikasirike. Ilikuwa maandalizi ya arobaini yako. Ua ulijaa wanawake, masinia na madele ya kahawa yametolewa yote, yanasuguliwa kwa ukwaju na majivu kama inavyofanywa kila tukingoja wageni. Shangazi akaingia kutafuta sinia moja iliyopungua, akakuta yale makopo yako ya maziwa. Akaona sarafu za kaka yake zimesawijika. "Watu waje kumsomea kaka yangu, na vitu vyake viwe vyeusi hivi?" Akazimimina zote kwenye beseni.

Niliporudi kutoka kazini nilizikuta zimeanikwa juani kwenye ungo, zinang'aa kama vifungo vya askari. Zile za senti zenye tundu. Za sikukuu za uhuru. Hata ile pesa ya shaba yenye mizani, iliyoandikwa Mombasa, ambayo mimi hukuniruhusu kuigusa mpaka nimalize shule. Shangazi alinionyesha akiwa analia na kucheka kwa pamoja, vidole vimemkunjamana kwa ukwaju. "Umeona, Rukia? Sasa zinatazamika."

Nikamwambia ahsante. Ningemwambia nini, Baba?

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Nilikuwa nakumbuka siku niliyokuuliza, nikiwa bado na sare ya shule, kwa nini huzisafishi. Ulinishika mkono ukanipitisha kidole juu ya ule weusi. "Huo si uchafu, mwanangu. Huo ni utu uzima wake." Halafu ukanieleza kwamba sarafu ikisuguliwa, mkusanyaji anaipita kama mtu asiyemjua. Utu uzima wote ule ulikuwa umekwenda na maji ya beseni, yakamwagwa chini ya mpapai.

Na mkutano wa kikundi chenu cha wakusanya sarafu ulikuwa Jumamosi iliyofuata.

Unajua kilichokuwa kinangojewa pale. Kikundi kilikuwa kimeamua kutengeneza sarafu yake ya ukumbusho, ichongwe na fundi wa mihuri, na kila mwanachama alete mchoro. Wako ulikuwa tayari kabla hujaanza kuugua, umeuchora kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari. Mzee Karisa, mwenyekiti wenu, alinipigia simu. Alinipa pole tena, kisha akasema kwa ule upole wake, "Nafasi ya babako ipo. Lakini kanuni waijua, mwanangu. Mchoro usiosemewa na mtu hauingii kwenye kura." Nikamwambia, "Inshallah." Wewe unajua inshallah yangu ina maana gani. Ni kwamba nimeshaanza kutafuta sababu ya kutokwenda.

Mimi nisimame mbele ya ukumbi wa wanaume wenye miwani ya kukuzia, na sarafu zilizooshwa, nitetee mchoro? Nilikosa usingizi. Lakini nisingekwenda, mchoro wako ungebaki kaki ya sukari tu, na hilo nalo lilininyima usingizi.

Mama hangeweza kwenda, yumo kwenye eda. Nilimwambia naogopa. Alifungua pindo la leso yake, akatoa ile shilingi arobaini ya kuadhimisha uhuru, akaanua leso nyingine kutoka kambani, akaifunga sarafu kwenye pindo lake na kunitupia begani. "Nenda nayo. Na hii haikuoshwa."

Nilikuwa nimeisahau, Baba! Sarafu pekee ambayo haikuwa kwenye makopo. Ulimpa Mama aishike kidogo tu, ukatafute kiplastiki cha kuitilia, na tangu siku hiyo hakukurudishia. Kila ukirudi kutoka dukani ulimuuliza, "Rehema, sarafu yangu hali gani?" Naye huku akiwa jikoni, bila kugeuka: "Imelala, usiiamshe." Nimekua nikiyasikia maneno hayo kuliko adhana ya jirani. Na mchoro wako, nilipouangalia tena usiku ule, ndio huo huo: pindo la leso, limefungwa fundo. Basi. Hakuna mfalme, hakuna mnyama.

Sababu ulishawahi kuwaeleza wateja. Uliwaambia hizi mpya za twiga na simba ni nzuri, huna ugomvi nazo, "lakini simba hajapata kuja dukani kwangu kununua unga." Siku za mbele ndizo zilizokutia wasiwasi. Mteja analipa kwa simu, anaondoka, kaunta haijalia hata mlio mmoja. Na zile za kumbukumbu zinazokuja sasa ni za fedha, zimepakwa rangi, zimelala kwenye sanduku la mahameli na cheti chake. Ulimuuliza Mzee Karisa hapa hapa mlangoni pa duka, "Sarafu ambayo haijanunua hata mkate, inakumbuka nini?" Akakujibu kwamba inamkumbuka aliyeiuza. Mkacheka mpaka mkashikana mabega.

Nilikwenda. Nilichukua makopo pia, kwa kuwa niliona kuyaficha ni kumwonea haya Shangazi.

Nilipoyafungua juu ya meza, walisogea wote kutazama, nyuso zikawakunjamana. Kuna kijana mmoja wa bara, Brayo, anauza vifaa vya simu pale Kongowea, mkusanyiko wake wote ni picha kwenye simu. Akainama. "Siste, hizi zimeogeshwa? Aki zimeenda hizi." Watu wakacheka. Mimi masikio yakawaka moto. Mzee Karisa akagonga meza kwa miwani yake. "Nyamazani. Mwenye kusema hajasema."

Nilikuwa nimeandika hotuba, Baba. Nzuri, yenye aya, nimeipiga chapa ofisini. Nilipoitazama, mistari ilinichanganyikia. Nikaiweka chini. Nikasema tu, "Baba yangu alichora hii," nikainua ile kaki. Basi nikaona niwape ile sarafu waitazame, nipate kukaa.

Lakini fundo la Mama! Alilikaza kama anayefunga mbuzi wa sikukuu. Nikavuta, halikufunguka. Nikajaribu kwa kucha. Vidole vilikuwa na jasho, havishiki. Mwishowe nikaliinua pindo mdomoni nikalifungua kwa meno, mbele ya wanaume wote wale, na machozi yananitoka kwa aibu.

Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa akicheka. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma, simjui hata jina, alikuwa amevua kofia. "Mamangu," alisema, "mamangu alikuwa akilifungua vivyo hivyo, anipe ya mandazi." Na mwingine akasema wake alifunga na funguo humo humo. Mwingine, hirizi. Ukumbi mzima ukaanza kusemezana habari za mapindo ya mama zao, na mimi nimesimama pale na leso iliyoloa mate.

Sarafu ikaanza kuzunguka. Kila mmoja alinyoosha vidole viwili aishike ukingoni, jinsi mnavyoshika ninyi. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema, "Hapana. Ishikeni kiganjani." Imelainika, Baba. Sura iliyo juu yake pua haionekani vizuri tena, kwa miaka yote ile ya jasho na mafuta ya nazi. Brayo ndiye aliyekaa nayo sana. "Ina joto," akasema polepole, akasahau kuipiga picha.

Sasa habari nzuri, ingawa si kama ulivyotaka. Mchoro wako haukushinda. Ilishinda feri ya Likoni, na mchoro ni mzuri kweli, usinune. Nilikuwa nimeshaanza kukunja kaki yako Mzee Karisa alipouliza, "Na upande wa pili?"

Wote mlioanza kukusanya sarafu kabla sijazaliwa, kila mmoja alileta mchoro mmoja. Mlisahau kwamba sarafu ina upande wa pili! Mzee Karisa akacheka mpaka akakohoa, akanyoosha mkono nimpe kaki. Haikupigwa hata kura.

Kwa hiyo watakaovuka watakuwa upande mmoja, Baba, na pesa yao itakuwa upande mwingine, imefungwa.

Nyumbani, Shangazi aliuliza kama watu walizipenda zilivyong'aa. Nikamwambia walizitazama zote, hakuna aliyegeuza macho. Ni kweli. Mengine sikumwambia na sitamwambia. Mama alipokea sarafu yake, akaifunga, akanong'ona kitu ambacho hakikuwa changu kukisikia.

Hizo nyingine alinishauri nisizirudishe koponi. "Zitie mikononi, zitazoea." Ndivyo ninavyofanya. Nikingoja wateja nazipitisha kiganjani, moja baada ya nyingine. Ile ya mizani imeshaanza kuingia weusi kwenye herufi. Utu uzima unarudi, ila safari hii utakuwa wa mikono yetu, nasi tutakuwa ndani yake pamoja nawe. Nakuahidi hakuna atakayeziosha tena, na sarafu mpya ya kwanza atakayoitoa fundi haitaingia kwenye kiplastiki. Nitampa Mama.

Bado naogopa watu, Baba. Lakini Jumamosi ijayo kuna mkutano, na sijaanza kutafuta sababu.

Mola akulaze pema. Nikipita makaburini Ijumaa nitakuuliza hali, kwa sauti ya chini. Lala tu. Sitakuamsha.

Mwanao,
Rukia