Mnunuzi wa Sarafu ya Benki Kuu

Neema mjukuu wangu,

Hapa Kipawa hatujambo, goti la bibi yako limepata nafuu. Unauliza kwa nini nilimfukuza yule kijana aliyetaka kununua sarafu yangu, ile ya kumbukumbu ya benki kuu.

Nilipokuwa mdogo, mtu mmoja alikuja kwetu akitafuta rupia ya Mjerumani. Mama akamtolea yake. Akaisifia weee, akasema atarudi na hela. Lakini macho yake yalimfuata mama alipokwenda kuirudisha chumbani. Hakurudi mchana.

Huyu naye sarafu hakuitazama hata kidogo. Alitazama mlango wa chumbani.

Tena Neema, sarafu hiyo nimekuonyesha wewe peke yako. Yeye kaambiwa na nani?

Nasubiri jibu.

Babu yako