Si Watu, Ana Jina

Mama Zubeda,

Wamekuzika kwa jina lisilo lako. Pale msikitini walitangaza "mamake Yusuf ametutoka," na kila aliyenipa pole ilikuwa Mama Yusuf hivi, Mama Yusuf vile. Mimi niliyekuuguza miaka yote ugenini huku New Hope nilijua ulilikataa jina hilo. Ulisema Yusuf yu hai, ana mdomo wa kujitaja. Zubeda dadake, aliyechomwa ndani ya nyumba pamoja na babake, hana, basi nikuite kwa jina lake.

Kisha Yusuf akasimama na suti yake, akasema mamake amekufa na moyo mweupe, amewasamehe wote waliomuumiza kule India. Nilitoka nje kwenye theluji bila koti, kwa sababu ningebaki ningemjibu mbele ya jeneza. Wewe umsamehe nani? Mimi nikichelewesha chai tu ulikuwa unaninunia hadi jioni.

Unakumbuka siku ya wakili, Saint Paul? Nili-drive mimi, wewe kiti cha mbele na tasbihi yako, unanisimulia Kisumu ulikozaliwa kabla hujaolewa India, kwa Kiswahili chako kile cha sokoni. Wakili alitaka kurekodi ushahidi wako upelekwe mahakamani kule. Ukaongea Kigujarati, Yusuf akatafsiri. Ukamtaja jirani yenu Harish, fundi wa saa, kwamba ndiye aliyebeba petroli. Yusuf akamwambia wakili, "Watu walikuja." Ukamtaja tena. Akasema watu tena. Kiingereza chako kilikuwa kidogo lakini hicho ulikisikia. Ukanigeukia mimi: "Huyu ananifichia muuaji kwenye gunia la watu. Hebu tafsiri wewe."

Ukarudia yote kwa Kiswahili, nami nikatafsiri. Ulisema Harish. Ulimtaja pia yule mama Mhindu wa mlango wa tatu, aliyekuficha nyuma ya magunia ya unga na kuwaapia kwa miungu yake kwamba humo hamna mtu. "Nikisema watu," ukaniambia nimwambie wakili, "nitakuwa nimemtia na yeye. Sitaki nyumba ya mtu ichomwe. Nataka huyu mmoja asimame mbele ya hakimu, asomewe jina la mwanangu."

Sasa sikia. Wiki iliyopita Yusuf alikuja kwangu na sufuria ya biriani. Ananiita dada, yeye ambaye hata salamu alikuwa ananipa kwa nyusi. Anasema jamaa zenu waliobaki kule wameketi na familia ya Harish, wameelewana, duka lao linaenda vizuri, kesi itawaharibia. Anataka nimwambie wakili kuwa siku ile ulikuwa umechanganyikiwa, hukujua unalosema.

Angeniambia anaogopa, ningemwelewa. Binamu zake wanaishi mtaa ule ule, na Harish bado anakaa kizingitini anatengeneza saa. Lakini kumfanya mama yake mzazi mwendawazimu ili yule alale usingizi? Biriani niliimwaga, na unajua ninavyochukia kutupa chakula.

Nilimwendea mchungaji wangu nikidhani nitapata nguvu. Akanipa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi huwa naosha vidonda, Mama. Ukikifunga na usaha ndani, hakiponi, kinanuka. Hata kwetu Bonde la Ufa, nyumba ya shangazi ilipochomwa tuliambiwa "watu walichoma." Hao watu hawajapatikana mpaka leo, na shangazi hununua nyanya kwao sokoni. Nimechoka na hao watu. Hawana mama, hawana mlango, hakuna askari anayeweza kuwagongea.

Kesho naenda kwa wakili. Nitaapa kwamba ulikuwa na akili zako timamu kuliko sisi wote tuliokuwa mle chumbani, na kwamba nilitafsiri ulichosema, sikuongeza wala kupunguza. Kama mahakama ya kule itasikiliza, sijui. Wewe mwenyewe hukuwa na hakika, ila ulisema haki huombwa kwa jina, mengine ni kupiga kelele.

Lala salama, Mama Zubeda. Kibao cha kaburi kitaandikwa watakavyo wenyewe, sina uwezo nacho. Lakini Yusuf ana mdomo wake, na kuanzia kesho wako ni huu wangu.

Mwanao wa Kiswahili,
Wanjiru