Tabasamu la Kazini

Jumanne, 4 Machi
Nimevunjika kifundo cha mguu nikiwa angani. Hata kuvunjika kwangu kuna maringo! Taa ya mikanda iliwaka, abiria wakajifunga. Sisi wahudumu – toroli kwanza, roho baadaye. Nilikuwa nakanyaga breki ya toroli, ndege ikadondoka ghafla. Nikapaa hadi darini, nikashuka pamoja na birika. Nimelala sakafuni, chai kifuani, bado nasema, "Samahani sana." Kwa nani? Sijui. Mzee mmoja akauliza kama chai imebaki.

Alhamisi, 6 Machi
Plasta hadi gotini. Mama ananikatia mkate vipande vidogo, kana kwamba nimevunjika meno. Bosi kapiga simu. Pole nyingi, kisha akataka kujua kwa nini sikuwa nimekaa. Nikamwambia toroli lingeua mtu. Akasema ni kweli, lakini ningekaa. Haya!

Jumamosi, 12 Aprili
Plasta imetoka. Bosi anasema daktari wa kampuni asiponipitisha, nitapelekwa dawati la mizigo iliyopotea. Pale unatukanwa tangu asubuhi, na ndege unaisikia tu. Sitaki. Napenda kuruka, basi. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 24 Aprili
Daktari kaniminya kifundo huku akinitazama usoni. Uso upi? Huu niliofundishwa kutabasamu hata choo cha ndege kikifurika? "Inauma?" "Hapana daktari, asante." Meno yote nje. Maumivu yalipanda hadi kisogoni! Akanipa mkono, akasema nimepona. Wallahi nilitaka kumwambia ukweli, mdomo ukawahi. Nimekwenda kulia chooni, halafu nikampigia mama kumpa habari njema.

Jumatatu, 28 Aprili
Leo naruka. Mguu umevimba tangu alfajiri, kiatu cha kazi kimegoma. Mama kanifuma nakisukumiza kwa mpini wa kijiko. Hakufoka – bora angefoka.

"Ndege ikishika moto, mlango anafungua nani?"

"Mama, usinitie nuksi."

"Nimekuuliza, nani?"

Mimi. Mlango wa nyuma, kushoto, ni wangu. Unausukuma kwa nguvu zote, umekita miguu yote miwili. Alipotoka nikajaribu kwa kusukuma kabati la nguo. Mguu ukanitupa kitandani. Watu wote wale, na watoto wao, wanangoja mguu huu! Nimeogopa, leo ndiyo nimeogopa hasa.

Gari la wafanyakazi liko nje, dereva anapiga honi. Naandika nimesimama kwa mguu mmoja. Mama karudi na simu yangu, ananinyooshea. "Mpigie bosi, au nimpigie mimi." Nikamwambia kiatu kimeshaingia, naweza. Simu bado kaninyooshea. Honi tena.

Basi, nakivua. Nimeinama, navuta – hakitoki! Mama kapiga magoti, anavuta na yeye. Dereva anagonga mlango, anauliza kama niko tayari. Namjibu bila tabasamu, "Siko tayari, inauma."