Siku Niliyomtembeza Delfina Mjini Siena

Mtaa wa Tommaso Pendola,
Siena.
Tarehe 12 Mei, 2013.

Mpendwa dada yangu Fosca,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, goti lako limetulia, na kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Krismasi kimekwisha. Huko Rosario, ng'ambo ya bahari, baridi inaanza sasa, nami nakuomba usitoke asubuhi bila kujifunika kichwa. Mimi sijambo. Macho yananisumbua kidogo jioni, lakini daktari ameniambia kwamba mtu wa umri wangu hana haki ya kulalamika kwa jambo dogo kama hilo, na kwa kuwa amesema kweli, nimeacha.

Mjukuu wako Delfina alifika salama siku ya Alhamisi asubuhi, akaondoka jioni ile ile kwa basi la Roma. Ni msichana mrefu mwenye adabu, na paji lake la uso ni la mama yetu. Kiitaliano umemfundisha vizuri, ila anameza miisho ya maneno. Nilimsahihisha mara kadhaa, naye hakununa.

Unajua sipendi kumtembeza mtu ovyo. Nilikuwa nimepanga tuanze na kanisa la Mtakatifu Dominiko, tupande hadi kanisa kuu, tule, kisha tumalizie Uwanja wa Campo jua likiwa limelegea na matofali yamekolea rangi. Nilikuwa nimesoma upya habari ya kila mahali, nisije nikakosea tarehe mbele ya mgeni.

Mambo yalianza kwenda kombo pale pale stesheni. Siku hizi kuna ngazi za umeme zinazowapandisha watu kutoka stesheni hadi juu mjini. Zilijengwa baada ya wewe kuhama. Tulipofika juu Delfina aligeuka akazitazama, akaniuliza kama Jumapili zinafanya kazi, na kama zimewahi kukwama na watu juu yake. Kisha akashuka kwa upande wa pili, akapanda tena peke yake huku ameshika mkanda wa pembeni kama mtu aliyeumia mguu. Nilidhani ni utoto.

Kwa Mtakatifu Dominiko nilimwonyesha kichwa cha Mtakatifu Katerina kinachohifadhiwa humo. Alifanya ishara ya msalaba vizuri, lakini baadaye akaanza kuyajaribu mabenchi, akikaa hapa na pale, na akauliza kama kanisa lina joto wakati wa baridi. Nilimjibu kwamba halina, wala halijawahi kuwa nalo, na waumini wa mji huu huja na makoti yao.

Kwenye kanisa kuu nilimsimulia habari ya ule ukuta mkubwa uliobaki peke yake: jinsi babu zetu walivyokusudia kujenga kanisa litakalopita makanisa yote, na jinsi tauni ilivyowafagia mafundi hata ukabaki ukuta mtupu. Habari hiyo niliwasimulia wanafunzi wangu maisha yangu yote ya kazi na hapakuwa na aliyepiga miayo. Delfina alingoja nimalize, kisha akasema, "Babu, kutoka kwako mpaka hapa, mtu mwenye fimbo anaweza?"

Nilimwambia kwamba mimi sitembei na fimbo.

Baada ya chakula aliomba aione njia alikozaliwa babu yake, marehemu mumeo Duilio. Ilinibidi kwanza nimweleze mambo ambayo wewe huhitaji kuelezwa: kwamba sisi ni watu wa mtaa wa Kobe na Duilio alikuwa wa mtaa wa Konokono, kwamba mitaa hii miwili imepakana na ni mahasimu, na kwamba siku za mbio za farasi, Julai na Agosti, wa kwetu hawaonekani kule wala wa kule hawaonekani kwetu. Siku nyingine tunapita bila shida, maana mkate mzuri unaokwa kwao. Delfina alicheka, akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Nerina, binti wa kaka yake Duilio, bado anauza mkate palepale San Marco. Aliponiona mlangoni alipaza sauti ili duka zima lisikie. "Haya, pisheni njia, Kobe anaingia. Mwalimu, ulitoka nyumbani juzi?" Nilimjibu kwamba nimetoka sasa hivi, na kwamba kobe akikanyagwa angalau havunjiki kama wengine ninaowajua. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja chenji akasema hiyo imempata. Lakini nilipomtambulisha msichana, Nerina alizunguka meza akaja na mikono yake yenye unga, akamkumbatia, akamlilia Duilio kidogo, akamfungia mkate na kukataa malipo. Anakusalimu sana.

Hapo hapo Delfina akamwuliza kama huwapelekea wazee mkate majumbani.

"Wazee wa wapi? Wa Kobe?" Nerina akauliza, akinitazama mimi. "Hao waje wenyewe. Sisi tutawangoja, hatuna haraka."

Nilitoka dukani nimekasirika, si kwa utani wa Nerina, bali kwa sababu sasa niliamini nimeelewa. Ngazi, joto, fimbo, mkate wa kuletewa: ninyi huko mmekaa, mkaamua kwamba nimezeeka mno kuishi peke yangu, mkamtuma mtoto aje anikague, naye anajifanya anatazama majengo. Tulishuka mpaka Campo. Vijana walikuwa wamejilaza juu ya matofali kama kawaida yao. Mimi niliketi kwenye kijiguzo cha mawe, yeye akakaa chini miguuni pangu.

Nikamwambia, "Delfina, wewe umetumwa."

Hakukana. Basi nikamwambia awafikishie waliomtuma kwamba napika mwenyewe, nafua mwenyewe, na bili zangu sijachelewesha hata moja. Na kwamba nyumba ya wazee ni mahali pazuri kwa mtu anayeitaka.

Alinitazama kwa mshangao, kisha akaanza kucheka, na katikati ya kucheka akawa analia, hata nisijue nimpe leso au nimwache.

"Si wewe, babu," akasema. "Ni bibi. Bibi anataka kurudi."

Nilimwuliza kwa nini hukuniandikia.

"Anaogopa."

"Ananiogopa mimi? Nimemkataza lini?"

"Anaogopa utakubali. Anasema mtu akikuomba jambo lililo haki yake, huwezi kumnyima. Utasema ndiyo kwa adabu tu, halafu yeye ataishi kwako kama mgeni mpaka afe. Ndiyo maana akaniambia nitazame mji, nione kama goti lake litauweza, nisikwambie neno."

Nikaanza kumweleza habari za mnara wa Mangia uliokuwa mbele yetu, nani aliujenga na kwa nini una urefu ule, kwa kuwa hilo angalau nililijua wakati ule. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, na hakuuliza kama una lifti.

Nakuomba usimkaripie. Siri alikaa nayo kutwa nzima, akiburutwa kutoka kanisa hadi kanisa na mzee asiyenyamaza, na mimi ndiye niliyemlazimisha. Alipopanda basi alinibusu akaniambia nikuandikie upesi, kabla hujapata sababu nyingine ya kuogopa.

Basi nakuandikia. Kuhusu goti: mji huu ni vilima vitupu, hilo hatuwezi kulibadilisha, lakini ngazi za umeme zinafanya kazi Jumapili na zimekwama mara chache sana. Ngazi za nyumba hii ndizo zenye taabu. Nimezungumza na fundi aje aweke mbao ya kushikia upande wa ukutani.

Kuhusu mbio: kwa kuwa ulipoolewa ulifuata bendera ya Konokono, siku zile utakwenda kukaa kwa Nerina, kama wafanyavyo mke na mume wa mitaa miwili tangu zamani. Nimekwisha kumwambia, naye amesema mwili wako utakuwa Kobe lakini siku hizo watakurudishia akili. Nilimwachia aseme. Ukirudi hatutaulizana nani ameshinda. Bendera ya Duilio uje nayo. Itatundikwa ndani, mahali pa heshima. Dirishani haitatundikwa, na hilo halina mjadala.

Lililobaki ni lile swali lako, kama nakukaribisha kwa adabu tu. Nimelifikiria tangu Alhamisi, kwa maana ni swali la haki na linanihusu.

Kwa adabu, Fosca, ningekupa chumba cha mbele, kile chenye jua, kinachotazama bustani. Mgeni ningempa chumba hicho bila kusita, na mimi ningehamia uani na kusema kwamba ndiko ninakopenda. Wewe sikupi. Chumba cha mbele ni changu, nimekizoea, na sihami. Utalala chumba cha uani, ambacho asubuhi kina giza, na kengele za kanisa la Mtakatifu Augustino zinaingia humo kana kwamba zimealikwa. Hutakipenda. Utalalamika kila siku wakati wa kahawa, nami nitakujibu kila siku, na nyumba hii haijasikia mtu akijibiwa tangu mama alipofariki.

Usije kabla ya mbio za Agosti. Njoo Septemba, ili tuwe na miezi kadhaa ya amani kabla hatujaanza kutazamana vibaya.

Nisalimie Graziella na mumewe. Nisalimie na Ettore, na umwambie kwamba barua yangu ya Pasaka bado inangoja majibu yake. Delfina akifika mwambie nimefurahi kumjua, na ajizoeze miisho ya maneno. Mwenyezi Mungu akupe afya, alinde goti lako, na akutangulie njiani, maana sasa unayo safari.

Ndimi kaka yako, akupendaye kuliko alivyowahi kukwambia,

Oreste