Mlango wa Kabati la Ruqaiya

Umair, usinipigie, nyumba imejaa watu. Soma tu.

Lile kabati nililomtengenezea dadangu la harusi limepasuka mlango. Wakwe wamekuja kulichukua, tuko katikati ya dua, likalia paa, kama mtu aliyevunja fimbo.

Ni gundi. Ule ubao wa kati huachwa huru ndani ya fremu, upate nafasi ya kuvimba na kunywea. Mimi nikaogopa utachezacheza mlango ukifungwa, nikaugandisha pande zote. Joto la Malindi hili, nami nimeugandisha.

Nyanyake bwana harusi akasema polepole, "Kabati limekataa."

Limekataa ndoa, ndivyo wazee wote walivyoelewa, Umair.

Nikakimbilia kibandani kwangu nyuma ya nyumba kutafuta ubao mwingine. Ruqaiya akanifuata, hina mbichi mikononi. Nikamwambia asilie, kesho litakuwa zima.

Hakuwa akilia. Akasema, "Kaka, usilitengeneze."

Bado amesimama hapa, anangoja jibu, na mimi najifanya natafuta randa.

Nimwambie ni gundi tu?