Miduara Niliyoiacha Mitupu

Pallavi, nimejifungia bafuni. Usinipigie, Mama atasikia.

Mtihani wa kuingia chuo cha udaktari umenishinda. Si maswali! Maswali niliyajua!

Majibu yote ya Baiolojia niliyatia alama kwenye kijitabu cha maswali, nikaacha kupaka miduara ya karatasi ya majibu hadi mwisho, kama nilivyozoea nikifanya mazoezi nyumbani. Saa za mkononi, si unajua, wanatuvua mlangoni. Ya ukutani sikuitazama hata mara moja. Nyumbani, muda ukikaribia kuisha, Baba alikuwa akigonga meza: "Paka sasa, binti yangu."

Pallavi, nilikuwa namsubiri agonge. Alifariki Januari, nami nimekaa namsubiri.

Kengele ikalia. Baiolojia yote, nusu ya alama za mtihani, miduara mitupu. Nikamwambia msimamizi, "Mwalimu, majibu haya hapa, niache nipake tu."

"Kalamu chini, binti. Muda wote huo ulikuwa unamngoja nani?"

Unamngoja nani! Kaniuliza hivyo hivyo.

Sasa Mama anawagawia majirani vitamu vya laddu mbele ya picha ya Baba. Shangazi Urmila anapaza sauti, "Daktari wetu, unaoga au umehamia humo?"

Mama aliniuliza mara moja tu: "Umemaliza yote?"

Nikasema ndiyo.

Nitoke na uso gani?