Breki ya Vidole Viwili

Jumatatu, 4 Machi
Pikipiki imerudi. Shemeji kaileta kwa pikapu, imefungwa kamba kama mhalifu. Wiki sita imekaa kwenye ua wa polisi. Kioo cha kushoto hakipo, taa ya ubavuni imepasuka, rangi imechubuka upande mmoja. Basi. Mume wangu yuko kaburini, pikipiki ina mchubuko. Nilitamani kuipiga teke.

Mama mkwe kaifunika shuka. Kesi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Dereva wa lori anashtakiwa kwa kumuua mume wangu kwa uzembe. Anadai aliingia njia panda taratibu, na pikipiki ikaja kama haina breki. Mama mkwe anasema mwongo huyo aozee ndani. Nikasema ndiyo, Mama. Mimi ni shahidi. Wanataka niseme pikipiki ilikuwa nzima, na nitasema. Miaka tisa mume wangu amepeleka damu hospitalini kwa pikipiki hii, hajawahi kumgusa hata kuku.

Jumanne, 5 Machi
Kazini. Kola arobaini za mashati, nne nimezikata ovyo. Msimamizi kazikunja kimya kimya na kuzificha. Huruma za watu zimeanza kunichosha.

Jumatano, 6 Machi
Nilifunua shuka kutafuta karatasi za bima chini ya kiti. Jicho likaangukia breki ya mbele. Pale kwenye mkono wa breki pana kigurudumu kidogo chenye namba. Ukikizungusha, mkono wa breki unasogea karibu na mshikio au unakaa mbali nao. Nne ni mbali, kwa vidole virefu vya mume wangu. Moja ni karibu kabisa, kwa vidole vyangu hivi vifupi.

Kiko kwenye moja.

Nikarudisha shuka. Chai ilikauka sufuriani nikiwa nimekaa mbele ya pikipiki.

Alhamisi, 7 Machi
Labda polisi walikichezea. Labda kilijizungusha pikipiki ilipoanguka.

Nimejaribu. Ni kigumu, kinakwaruza kidole. Hakijizungushi.

Ijumaa, 8 Machi
Niandike tu, humu hakuna wa kunisuta.

Kila Jumapili mume wangu alikuwa ananifundisha, kwenye uwanja wa kiwanda, malori yakiwa yamelala. Kuendesha nilijua upesi. Kusimama ndiko kulikonitoa jasho. Kilo mia mbili na thelathini hazina mzaha. Aliweka kikombe cha maji juu ya sanduku la nyuma. Maji yakimwagika, nafua jaketi lake. Tazama mbali, usitazame tairi. Punguza mafuta. Breki ya mbele ikamue, usiinyakue, ya nyuma iisaidie. Ikikaribia kusimama legeza kidogo, isiiname kichwa. Klachi mwishoni. Mguu wa kushoto chini. Alitaka niisimamishe kama ninayemlaza mtoto aliyesinzia. Yeye alishika breki kwa vidole viwili tu, viwili vya chini havikuachia mshikio kamwe. Alijivunia hivyo vidole mpaka vikaniudhi.

Kanuni ilikuwa moja. Mimi nakishusha kigurudumu hadi moja, na nikimaliza mimi mwenyewe nakirudisha nne.

Jumapili ile ya mwisho niliinyakua breki usukani ukiwa umekunjwa. Ikalala chini, na mimi nayo. Akacheka. Akasema nirudi kwenye kola zangu. Nilimtupia kofia yake nikaenda zangu nyumbani kwa miguu. Yeye alinifuata polepole kwa pikipiki, na kuupanda mteremko wetu hakuhitaji breki. Hatukusemeshana hadi kulala. Asubuhi saa kumi na mbili aliitwa, damu inasubiriwa. Alinigusa bega. Nilijifanya nimelala.

Njia panda iko chini ya mteremko wetu, hata mita mia tatu hazifiki. Kabla ya kufika pale hakuwa amefunga breki hata mara moja. Kila asubuhi alikagua tairi, taa, mnyororo. Kigurudumu hakukikagua. Hicho kilikuwa changu.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji alikuja kumsalimu mama yake. Mikono yake na ya kaka yake ni ile ile. Nikamwomba apande, ashike breki kwa vidole viwili, akaze kama mtu aliyeliona lori. Akakaza. Mkono wa breki ukagota kwenye vidole vyake vya chini, ukakwama hapo. Akakaza tena, ukagota tena. Akatumia vidole vinne — ukaenda wote. Mkaguzi wa polisi naye bila shaka alikaza kwa vinne, maana aliandika breki nzima.

Shemeji uso ulimbadilika. Akazungusha kigurudumu mpaka nne, akashuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniambia:

"Shemeji, hii ilikuwa nne. Umenisikia?"

Nikamwambia yule dereva naye ana watu wake.

"Na Mama je? Ukimwambia haya utamuua."



Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe kanisuka, ili Ijumaa niwe nadhifu mbele ya hakimu. Nilikaa chini katikati ya magoti yake. Anasuka taratibu, haumizi. Kasema, mwanangu, nimebaki na wewe tu. Ana mtoto mwingine, Shemeji, lakini ndivyo alivyosema.

Nilitaka azivute nywele mpaka nilie. Hakuzivuta.

Jumatano, 13 Machi
Mwendesha mashtaka kaniita ofisini. Ataniuliza mawili: marehemu alikuwa mwangalifu? Pikipiki ilikuwa nzima? Nijibu ndiyo na ndiyo, nisijitie kueleza. Akasema dereva atakula miaka kadhaa. Alisema vile mtu anavyosema mvua itanyesha.

Nimerudi na kufungua mfuko tuliopewa hospitalini. Sikuwa nimeugusa. Saa yake, mkanda, glavu. Glavu ya kulia, mgongoni mwa vidole viwili vya mwisho, ngozi imebonyea mstari mmoja ulionyooka. Upana wa mkono wa breki. Nimeipima.

Alikaza, basi. Alikaza kwa nguvu zake zote.

Alhamisi, 14 Machi
Nimeomba ruhusa kazini. Nimeisukuma pikipiki mwenyewe hadi uwanja wa kiwanda, maana kuiteremsha ule mteremko ikinguruma sikuweza. Kigurudumu nimekirudisha kwenye moja. Kikombe cha maji juu ya sanduku.

Mara ya kwanza kikombe kiliruka. Mara ya pili nusu ikamwagika. Ya tano nikasahau klachi, ikazima kwa kishindo, goti likanisaliti, nusura inilalie. Mlinzi wa kiwanda akaniambia mama, hii si ya saizi yako. Nikamwambia najua.

Sijui ni ya ngapi. Nilitazama mbali, kwenye ukuta. Nikakamua, kwa vidole vyote vinne. Pua ikainama kidogo, nikailegeza, ikainuka. Mguu wa kushoto ukagusa chini, hapakuwa na mshtuko wowote. Nikageuka. Kikombe kimejaa.

Nililia pale pale juu ya kiti. Kwa wiki saba nilikuwa nalia kwa ajili yake. Leo nimelia kwa ajili ya nilichokifanya, na si kilio kile kile.

Kigurudumu nimekiacha kwenye moja. Nimefunika shuka.

Ijumaa, 15 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, korido ya mahakama, daftari juu ya goti. Mama mkwe yuko kushoto kwangu. Anadhani narudia majibu yangu. Shemeji amesimama mlangoni, hanitazami.

Benchi la mbele kuna mwanamke mwenye chupa ya chai na blanketi lililokunjwa. Mke wa dereva. Ametuambia poleni. Mama mkwe akageuza uso.

Wamempitisha dereva. Mfupi kuliko nilivyofikiri, ndala miguuni, pingu. Alipofika mbele yangu alisimama. Akasema, "Dada, nilimwona uso. Alikuwa anataka kusimama." Askari akamsukuma.

Mama mkwe kauliza kasema nini. Nikasema, kasema pole.

Glavu iko kwenye mkoba. Nimeitoa. Nimeivaa, inanipwaya, vidole vinaning'inia. Kalamu inateleza. Mama mkwe ananitazama mkono. Ameutambua ule mstari? Hapana. Ameitambua glavu ya mwanawe tu, anaipapasa, anapapasa pale pale palipobonyea.

Anauliza hapa pamefanya nini.

Karani ametoka. Anaita mke wa marehemu. Shemeji anatikisa kichwa kuniambia hapana. Mama mkwe hajaniachia kidole, anauliza tena, na mimi naweka kalamu chini nimwambie.